Kuishi Naivasha na kufanya kazi Nairobi: yanayosemwa na yalivyo

Kodi ya nyumba ikipanda South B au Kasarani, mazungumzo huelekea Naivasha. Ziwa liko kilomita 90 hivi kutoka katikati ya Nairobi, ploti bado zinapatikana, na kuna watu siku hizi ambao huhitajika ofisini mara mbili au tatu tu kwa wiki. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba inawezekana kuishi kule na kula riziki huku. Ila kuna maneno yanayozungushwa na mabroka, na hata na marafiki wenye nia njema, ambayo yanaweza kumlia mtu akiba yake yote.

"Ziwa haliondoki mahali pake"

Dhana hii ndiyo iliyoumiza wengi zaidi. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke na kwa kupenya chini ya ardhi, basi. Mvua zikizidi, ziwa hutambaa kuelekea nchi kavu. Ukame ukikaza, hurudi nyuma. Mwaka 2009 lilikuwa limerudi nyuma sana na ardhi kubwa ikabaki wazi. Miaka iliyofuata likaanza kupanda, na mwaka 2020 likaingia katika mtaa wa Kihoto, pembeni mwa mji. Mwaka 2025 likaingia tena. Watu walihamisha vitanda na magodoro kwa mashua, vyoo vya shimo vikafurika, na nyumba za kudumu, za mawe na mabati mazuri, zikabaki zimesimama majini.

Kinachowapoteza wageni ni kuangalia mawingu ya Naivasha. Mto Malewa, unaoleta maji mengi kuliko mito mingine, unashuka kutoka Nyandarua. Jua linaweza kuwaka mjini huku maji yakipanda uani kwako, kwa sababu mvua ilinyesha mlimani.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, anza na migunga. Ile yenye shina la manjano humea karibu na maji lakini haivumilii kuzama muda mrefu. Leo utaiona mingi imekufa ikiwa wima ndani ya ziwa, magome yamebanduka, minandi wamejaa matawini. Hapo palikuwa nchi kavu. Kisha tazama kuta za mtaa unaoupenda. Maji yakikaa huacha mstari wa tope usiofutika kwa urahisi, na ukikuta rangi mpya inayoishia kimo cha kiuno, uliza sababu. Usimuulize broka. Muulize mama anayeuza mboga hapo nje: "Mama, 2020 maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole.

"Nina hatimiliki, nani atanigusa?"

Agosti 2018, South End Mall kwenye Barabara ya Langata na Ukay Centre kule Westlands zilibomolewa kwa sababu zilikuwa kwenye ukingo wa mto. Hayakuwa mabanda ya mabati. Yalikuwa majumba ya biashara yenye wapangaji. Katiba ya 2010, ibara ya 40(6), inasema wazi kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Na baada ya mafuriko ya Aprili 2024, serikali iliamuru watu waliokuwa karibu na mito wahame.

Kwa mito, kanuni za maji hutaka ukingo usiojengwa wa kati ya mita 6 na 30, na kipimo huanzia pale maji yalipofika yalipojaa kabisa. Mstari wa maji unaouona Februari wakati wa kiangazi hauna maana yoyote kisheria. Lipa soroveya wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, na upeleke ramani yake kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kutoa hata amana. Gharama hiyo inauma, lakini naiona kuwa sehemu ya bei ya ploti.

Wanaosema "basi nitahamia karibu zaidi, Athi River" wajue kwamba Mto Athi hukusanya maji yanayotoka Nairobi. Aprili hiyohiyo ya 2024 watu walikwama Kitengela kwa sababu mto ulikuwa umefunika barabara.

"Siku hizi kuna treni"

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilianza safari za upande huo Oktoba 2019, ni kweli. Lakini inaishia Suswa. Haifiki mji wa Naivasha wala ziwani, na kwa upande wa Nairobi inaanzia Syokimau, ambako bado unatafuta usafiri wa kukufikisha mjini. Hiyo si treni ya mtu wa kuingia kazini saa mbili asubuhi.

Usafiri wako halisi ni matatu hadi stendi ya Nyamakima, katikati ya Nairobi. Ukiishi upande wa Karagita au Kongoni, unapanda kwanza matatu ya Barabara ya Moi South Lake hadi mjini, ndipo unapanda ya Nairobi. Asubuhi kuna ukungu kati ya Kinungi na Limuru, na lori moja likilala barabarani, siku imeharibika. Jumapili jioni wageni wa wikendi hurudi wote kwa pamoja. Wiki ya Safari Rally, ambayo imekuwa ikifanyika Naivasha tangu 2021, panga kufanyia kazi nyumbani. Kwa mtu wa siku mbili ofisini haya yanavumilika. Kwa mtu wa siku tano, sishauri kabisa, hasa ukiwa na watoto wadogo: utawaona wamelala tu.

Kuhusu maji ya matumizi, wengi hudhani ziwa likiwa la maji yasiyo na chumvi na kisima kikiwa kirefu, basi maji ni salama. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na hayatoki kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa au mtambo unaoondoa floraidi, ama kuvuna maji ya mvua kwa kunywa.

Kuna hofu moja ambayo imezidishwa, nayo ni malaria. Mbu wapo, lakini Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hatari si ile ya Kisumu au Pwani. Mnyama wa kuhofiwa ni kiboko. Hutoka majini usiku kula nyasi, hata kwenye bustani za watu, na ukisimama kati yake na ziwa anakuja moja kwa moja. Ukionyeshwa nyumba yenye nyasi zinazoshuka hadi majini, uliza ua wa umeme uko wapi, na kama huwa unawashwa.