Little Willie: kifaru cha kwanza ambacho hakikupigana

Watu wengi wanapolitaja gari la Kiingereza liitwalo Little Willie hulihesabu kuwa jaribio lililoshindwa, kwa kuwa halikufika vitani. Sisi tunaoelimisha umma kuhusu historia ya zana za kivita tunaona kwamba hukumu hiyo inalionea, maana katika miezi michache ya mwaka 1915 lilitegua kitendawili kilichokuwa kikizuia kuundwa kwa vifaru.

Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwama Ulaya Magharibi. Majeshi yalikuwa yamejichimbia mahandaki na kutandaza seng'enge mbele yake, na askari aliyethubutu kutoka alifyekwa kwa risasi za bombomu. Februari 1915 Winston Churchill, waziri aliyesimamia jeshi la majini la Uingereza, aliunda kamati ya kutafuta "meli za nchi kavu", yaani magari ya chuma ya kuvukia mahandaki, na kazi ya kuunda mashine ya kwanza ikaangukia kiwanda cha William Foster mjini Lincoln, kilichozoea kutengeneza zana za kilimo. Mkuu wa kiwanda, William Tritton, akishirikiana na mhandisi Walter Wilson, alianza kazi Agosti, na mapema Septemba mashine ilikuwa ikitembea.

Lilikuwa sanduku la mabamba ya chuma lenye uzito wa tani 16 hivi, likiendeshwa na injini ya Daimler ya nguvu farasi 105, na nyuma likikokota magurudumu mawili ya kulisaidia kukata kona. Mwendo wake, kilomita 3 hivi kwa saa, ulizidiwa na wa mtu anayetembea kwa miguu.

Kilichosumbua ni minyororo ya kutambalia. Ile ya kwanza iliagizwa Chicago, kwenye kampuni ya Bullock, nayo ilifaa matrekta ya shambani. Mashine ilipovuka handaki, sehemu ya mnyororo iliyokosa ardhi chini yake ilining'inia, na ilipofika ng'ambo haikurudi mahali pake, bali ilichomoka kwenye magurudumu. Tritton akabuni mnyororo mwingine wa vipande vya bamba la chuma, kila kimoja kikiwa na ndimi upande wa ndani zilizoshika reli ya fremu, hata mnyororo usiweze kudondoka mashine inapokuwa juu ya shimo. Kufikia Desemba ulikuwa umefungwa na kujaribiwa.

Hata hivyo, jeshi lilikwisha kutaka mashine ya kuvuka handaki la mita 2.4 na kupanda ukingo wa mita 1.4, ilhali Little Willie liliweza mita 1.5 tu za handaki. Wilson akachora umbo jipya, ambalo minyororo ililizunguka bodi lote kuanzia chini hadi juu. Mashine hiyo, Mother, ilionyeshwa Hatfield Februari 1916 ikitambaa kwa mnyororo uleule wa Tritton. Ili kuficha siri ilisemwa kwamba yanayoundwa ni matangi ya maji, na jina hilo, tank, ndilo Waingereza wanalotumia hadi leo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumechagua jina la mnyama, kifaru. Tarehe 15 Septemba 1916 vifaru vya muundo huo viliingia vitani Flers, Ufaransa, katika mapigano ya Somme.

Little Willie limehifadhiwa Bovington, kusini mwa Uingereza. Injini haimo tena, na juu ya paa bamba la duara limeziba tundu la mnara wa mzinga uliowahi kukusudiwa, lakini minyororo ya Tritton bado imo ubavuni.