Waedomi na lugha yao: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Waedomi walikuwa Waarabu, walisema Kiarabu." Hili linatokana na kwamba nchi yao, kusini-mashariki mwa Bahari ya Chumvi, leo iko Jordan. Lakini Kiedomi kilikuwa lugha ya Kikanaani, ndugu wa karibu wa Kiebrania, Kimoabu na Kiamoni. Hawakutuachia kitabu hata kimoja. Tunachokijua kimetoka kwenye mihuri na vigae vichache, yaani vipande vya vyungu, vyenye maandishi ya wino. Kigae nikipendacho kuliko vyote kilipatikana Horvat Uza, katika Negev, jangwa la kusini mwa Israeli, nacho ni cha mwanzoni mwa karne ya 6 KK. Ni barua. Mwandishi anamuuliza Bulbul kama hajambo, anambariki kwa jina la Qaus, mungu wao, kisha anamwambia atoe chakula. Salamu, dua, halafu shida: aliyekulia kwenye barua za Kiswahili anaujua mpangilio huo. Na msomaji wa Kiebrania cha kale anayatambua maneno yake mengi.

"Hawakuwa na dola, ni wafugaji wa jangwani tu." Mbona basi Ashuru iliwatoza kodi wafalme wao? Katika karne ya 8 KK mfalme wao Qaus-malaka alimlipa Tiglath-pileser III, mfalme wa Ashuru. Baadaye akaja Qaus-gabri, anayetajwa kwenye kumbukumbu za Esarhaddon, mfalme mwingine wa Ashuru, na chapa ya muhuri wake ikafukuliwa Umm el-Biyara, kilele kinachoitazama Petra. Makao yao makuu yalikuwa Busaira, ndiyo Bosra ya kwenye Biblia.

Petra yenyewe, ile ya majumba yaliyochongwa mwambani, ni kazi ya Wanabatea waliokuja baadaye.

"Taifa fulani la leo ndilo Edomu." Video za namna hii zimejaa mitandaoni, na zinaumiza kwa sababu zinawafundisha watu kuwachukia majirani zao kwa jina la Esau, ambaye Biblia inamtaja kuwa baba wa Waedomi. Historia haina mstari wa damu kama huo. Waedomi wengi walihamia kusini mwa Yuda, eneo likaitwa Idumea, na uandishi wao ukawa wa Kiaramu. Vigae vya huko vya karne ya 4 KK bado vina majina ya watu yenye Qos, yaani Qaus, ndani yake. Karne ya 2 KK ikielekea ukingoni, Yohana Hirkano, mtawala wa Wayahudi, aliwateka na kuwalazimisha kutahiriwa na kushika sheria ya Kiyahudi. Antipatro, baba yake Herode Mkuu, alitoka kwao. Mwaka 68 BK Waidumea waliingia Yerusalemu kuwasaidia Wazeloti, kundi la Wayahudi wenye msimamo mkali, wakati wa uasi dhidi ya Roma, na baada ya vita hivyo hawatajwi tena kama taifa.