Mikono Kwenye Usukani, Akili Kwenye Simu

Kundi jipya la madereva likiingia darasani, huwa naanza na rula. Namwita mmoja mbele, anatanua kidole gumba na cha shahada kama anayetaka kubana kitu, nami naining'iniza rula ya sentimita 30 katikati ya vidole hivyo, kisha naiachia bila kumtahadharisha. Wengi huidaka kwenye sentimita ya 15 au 20 hivi. Baada ya hapo mwenzake aliyekaa nyuma anampigia simu na kumuuliza mambo ya kawaida ya maisha: ada ya mtoto umelipa? Imebaki shilingi ngapi? Utamalizia lini? Simu imelala mezani, imewekwa spika, mkono wake hauna kazi nyingine. Naiachia rula. Mara nyingi inapita hadi sakafuni, darasa linaangua kicheko, mwenyewe anabaki anavitazama vidole vyake.

Nafanya hivyo kwa sababu najua jibu linalonisubiri kila nikigusia simu barabarani: "Mwalimu, mimi natumia hedifoni." Akishasema hivyo anaona yeye hayamhusu.

Simlaumu sana, maana hata sheria zimechangia. Uingereza, kwa mfano, ilipopiga marufuku mwaka 2003, ilikataza simu ya kushikwa mkononi, na nchi nyingi zimekwenda njia hiyo hiyo. Askari wa usalama barabarani anaweza kuona simu iliyobanwa sikioni. Mawazo ya dereva yako wapi, hana namna ya kuyaona. Watu wakahitimisha kwamba kosa liko mkononi. Shirika la Afya Duniani linasema anayeendesha huku akitumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa haileti nafuu kubwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walilinganisha aina zote mbili katika jaribio la kuigiza uendeshaji: wanaoongea na simu walikosa ishara mara mbili zaidi, na kushika au kutoshika simu hakukubadilisha kitu. Macho yanatazama mbele ila hayaoni.

Hapo dereva mwingine ananyoosha mkono: mbona tunaongea na abiria wa kiti cha mbele? Swali zuri. Abiria naye anaiona barabara. Lori likianza kuyumba mbele yenu, ananyamaza bila kuambiwa, au anakushtua. Anayekupigia kutoka nyumbani halioni hilo lori. Anataka kujua unga umenunua au hujanunua.

Meseji ni balaa zaidi, na hesabu yake ni ndogo. Basi linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde tano, ameshapita mita 110, uwanja mzima wa mpira, kama kipofu. Hata mjini kwenye kilometa 50, kuchungulia sekunde mbili tu kujua nani katuma pesa ni mita 28. Kivuko cha shule kinatosha humo, na watoto wake. Kwa bodaboda aliyechomeka simu ndani ya kofia ngumu sina hata haja ya kupiga hesabu.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba simu ikikatika, akili hairudi palepale. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2015 kuhusu mifumo ya kuamrisha simu na gari kwa sauti ulionyesha kwamba umakini unaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurejea. Julai 2013, karibu na mji wa Santiago de Compostela, Hispania, treni iliingia kwenye kona ya kilometa 80 kwa saa ikiwa kwenye mwendo wa karibu 180. Watu wapatao 80 walikufa. Dereva alikuwa amepigiwa simu na mfanyakazi mwenzake wa treni hiyo hiyo, wakizungumzia kituo cha mbele. Ilikuwa simu ya kazi, na ilikatika sekunde chache kabla ya treni kuacha reli.

Kwa hiyo siku hizi nasema pia na wanaopiga. Bosi anayetaka kujua mzigo umefika wapi, mke, mume, abiria anayesubiri stendi. Ukimpigia mtu ukasikia mngurumo wa injini, mwambie "paki kwanza, utanipigia," ukate.

Mimi simu yangu hukaa kwenye droo ya dashibodi, mlio umezimwa. Nikisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, nyumbani wanajua nitapiga nikisimama Chalinze, tena Morogoro, tena Mikumi. Mwanzoni walinung'unika kwamba nawapa wasiwasi. Sasa nikipiga kabla ya Chalinze ndipo wanapokea wakiuliza, "Kuna nini?"