Dhimma: sheria ilisema nini, na sokoni ilikuwaje

Dhimma ni ahadi ya ulinzi ambayo dola za Kiislamu za zamani ziliwapa raia wasio Waislamu, hasa Wayahudi na Wakristo. Aliyekuwa chini ya ahadi hiyo aliitwa dhimmi. Roho yake na mali yake vililindwa, aliabudu kwa dini yake, na mambo ya ndoa na mirathi aliyapeleka kwa viongozi wa dini yake. Naye alilipa jizya, kodi ya kichwa iliyotozwa wanaume wazima, na akakubali kuwa chini ya Mwislamu kisheria. Zipo nyakati alizolazimishwa hata kuvaa alama ya kumtambulisha.

Sokoni watu walichanganyika zaidi ya hapo. Ushahidi mzuri umetoka Fustat, mji mkongwe wa Misri uliomo ndani ya Cairo ya leo. Katika sinagogi la Ben Ezra kulikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zilizokwisha kazi, kwa kuwa maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi ovyo. Zilizosalia ni pamoja na barua za wafanyabiashara, mikataba na hati za madeni. Humo Wayahudi na Waislamu wanapakana nyumba, wanakopeshana, wanachangia mtaji, na Myahudi anakwenda kwa kadhi kwa hiari yake.

Ninayoipenda zaidi ni kesi iliyopelekwa kwa Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204. Masonara na mafundi wa vioo, Wayahudi kwa Waislamu, walishirikiana karakana na vifaa. Wakapatana hivi: faida ya Ijumaa ichukuliwe na Wayahudi, ya Jumamosi ichukuliwe na Waislamu. Je, inajuzu? Akajibu inajuzu, mradi Myahudi asiguse pato la Sabato.

Lakini tusiipake dhimma rangi ya asali. Wanaodai jizya ilikuwa kitu kidogo wasome barua za maskini wa mji huohuo, waliomkimbia mtoza kodi wakiogopa kufungwa. Na ulinzi wenyewe ulitegemea aliyekalia kiti: mwaka 1009 khalifa al-Hakim aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu, Jerusalem, libomolewe.

Dola ya Uthmaniyya iliifuta jizya katika miaka ya 1850, kisha ikaweka ada ya kusamehewa jeshi, iliyolipwa na walewale.