Makerere haikuzaliwa chuo kikuu

Mgeni akifika Kampala hakosi kupandishwa mlima Makerere apigwe picha mbele ya Jengo Kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa. Hapo ndipo husikia maneno mawili: kwamba hiki ni chuo kikuu tangu 1922, na kwamba Mwalimu Nyerere alipata digrii yake hapa.

Mwaka 1922 ni sahihi. Chuo kikuu sicho. Kilichofunguliwa mwaka huo ni shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Nyerere alipokuja mwaka 1943 alisomea ualimu, akatunukiwa diploma. Digrii aliipata Edinburgh mwaka 1952. Makerere yenyewe ilianza kuandaa wanafunzi wa digrii baada ya kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na digrii hizo zilikuwa za London. Mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Ilisimama peke yake mwaka 1970. Kwangu mimi, kuanza na randa na nyundo ni sifa, sijui kwa nini inafichwa.

Na hilo jengo la kwenye picha? Lile la 1941 liliungua Septemba 2020. Linaloonekana leo limejengwa upya kwa sura ileile, likafunguliwa 2024.