Sufuria Moja, Nyumba Nyingi: Maswali na Majibu Kuhusu Supu ya Kuchangia

Kupika pamoja si jambo geni Uganda. Msiba ukitokea, kikundi cha munno mukabi, yaani cha kusaidiana wakati wa shida, kinaleta masufuria makubwa na kila nyumba inaleta kilichopo. Lakini siku hizi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, mjini Busia na hata mitaa ya Kampala, akina mama wengi wanachanga chakula hata siku isiyo na msiba wala harusi. Huyu ana kikombe cha maharage, yule ana viazi vichache, mwingine ana gao la mukene, yaani dagaa, tu. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa mara nyingi juu ya sufuria hiyo.

Supu ya kuchangia ni mlo kweli, au ni maji ya kudanganya tumbo?

Inaweza kuwa mlo bora kuliko ule ambao kila nyumba ingepika peke yake. Nyumba moja, hasa mwishoni mwa mwezi, huwa na chakula cha aina moja au mbili: posho (ugali wa mahindi) na maharage leo, posho na maharage kesho. Nyumba kumi zikikusanyika, ndani ya sufuria moja mnapata maharage ya kujenga mwili, viazi vya kutia nguvu, mboga za majani, karanga zenye mafuta, na samaki wadogo. Mwili unahitaji mchanganyiko huo, na hapo ndipo umaskini unapotuumiza zaidi: chakula kinaweza kutosha kwa wingi na bado kikawa cha aina ileile kila siku.

Lakini maji hayashibishi. Sufuria ikionekana haitoshi, mkono wa kwanza hukimbilia kuongeza maji, na hapo mlo unaharibika bila mtu kusema. Chota kwa upawa uangalie: angalau nusu yake iwe vitu vya kutafuna. Ikiwa si hivyo, ongezeni viazi au maharage, au kila mtu apate kidogo kidogo lakini kizito.

Sisi ni watu kama 20. Tuchange nini, na kiasi gani?

Anzeni na maharage makavu kilo 2, ambayo ni kama vikombe 5 vya tumpeco, kile kikombe cha nusu lita. Viazi vitamu (hasa vya rangi ya karoti), matoke au viazi vya kawaida, kilo 4 hadi 5. Karanga za kusaga, nusu kilo. Mkiwa nazo kilo nzima ni heri zaidi. Mukene mkavu, tumpeco 2. Mboga za majani mafungu makubwa manne au matano: mchicha, ule tunaouita dodo na ndugu zetu Wakongo wanauita lengalenga, au nakati, au sukuma, au majani ya kunde. Nyanya kumi hivi, vitunguu vitano, na limau mbili za kukamulia mwishoni. Chumvi nitaizungumzia chini.

Mpangilio wa kupika una maana. Maharage yanaiva kwanza, peke yake. Nyanya zisiingie kabla maharage hayajalainika, kwa sababu ukali wake unayafanya yachelewe kuiva na mnapoteza kuni. Viazi vinafuata, kisha mukene na karanga iliyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, na hapo mtu akae na mwiko maana karanga hushika chini. Majani yawe ya mwisho kabisa, dakika tano hadi kumi tu. Yaosheni yakiwa mazima, kisha ndipo myakate, la sivyo vitamini zinakwenda na maji ya kuoshea.

Mukene una mchanga, hasa ule ulioanikwa chini badala ya kwenye vichanja. Upepeteni, muuoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, kisha mkaange kidogo bila mafuta. Msikate vichwa wala kutoa mifupa, maana humo ndimo mlimo kalisi.

Maharage yanamaliza kuni. Kuna ubaya wa kutia magadi?

Magadi yanalainisha maharage, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini, hasa vitamini B1. Njia bora haina gharama: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Yanaiva haraka zaidi na gesi tumboni inapungua.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Moto mkali unaimaliza, moto wa pole hauimalizi. Kwa hiyo kabla ya kupunguza kuni au kuhamishia sufuria kwenye kikapu cha kutunza joto, yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika zisizopungua 10.

Nina mimba na kliniki wamesema damu ni kidogo. Supu hii itanisaidia?

Itasaidia, mama, lakini haichukui nafasi ya vidonge ulivyopewa. Endelea kumeza.

Maharage na majani yana madini ya chuma, ila chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C inakifungulia njia, na ndiyo sababu ya nyanya na ile limau ya mwishoni. Mukene nao unasaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Chai inafanya kinyume: ukinywa chai pamoja na chakula, chuma kingi kinapotea bure. Subiri saa moja au zaidi. Kama kikundi chenu kinalima, tafuteni mbegu za maharage ya NAROBEAN zilizotolewa mwaka 2016 na NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Zina chuma zaidi ya maharage ya kawaida.

Na kuna hili la kimila. Zamani Buganda wanawake walikatazwa kuku, mayai na baadhi ya samaki, na zipo nyumba ambazo hadi leo vinono huenda kwa baba na wageni kwanza. Kiafya hakuna sababu hata moja ya kumnyima mama mjamzito samaki, nyama au yai. Yeye anayejenga mwili wa mtu mwingine ndiye anayevihitaji kuliko wote waliokaa hapo. Kinachotoka chini ya sufuria, chenye vitu, kiwafikie yeye na watoto kwanza.

Kwa nini mnasisitiza viazi vya rangi ya karoti?

Kwa sababu ya vitamini A, ambayo inalinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Viazi vyeupe havina kiasi cha maana. Aina za rangi ya karoti ziitwazo Kabode na Vita zilitolewa hapa Uganda mwaka 2007, na mwanasayansi wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, kwa kazi ya mazao yenye lishe zaidi. Vitamini hiyo inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Karanga za kwenye sufuria zinatosha.

Tunaweza kuifanya nzito kwa unga wa muhogo? Na sombe, majani ya muhogo, je?

Unga wa muhogo ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu katika chakula cha kuchangia hujui kila unga umetoka wapi. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, na wa kwanza kufikishwa hospitali walikuwa wametoka msibani. Waliougua walifika 98, na 2 wakafa. Uchunguzi ulikuta unga huo una sianidi nyingi kupita kiasi.

Sianidi iko ndani ya muhogo wenyewe, zaidi katika ule mchungu. Huondoka muhogo ukimenywa, ukalowekwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha ukakaushwa vizuri juani. Unga ulioharakishwa kwa sababu ya njaa au bei unabaki na sumu, na kuupika hakutoshi kuiondoa. Kama aliyeleta hawezi kusema ulitayarishwa vipi, msiutie. Tumieni viazi vilivyopondwa au maharage yaliyosagwa kwa mwiko. Supu itakuwa nzito vilevile.

Sombe ni chakula kizuri, lakini itwangwe hasa, na ichemshwe muda mrefu bila kifuniko.

Mtu ameleta karanga zenye ukungu kidogo. Tuzichague tu?

Hapana. Ukungu wa karanga unaacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo huumiza ini na kwa miaka huweza kuleta saratani. Kupika hakuiondoi, na karanga iliyosagwa huwezi kuichagua. Zikiwa zimekunjamana, zimebadilika rangi au zinawasha ulimi kwa uchungu, zitupwe. Najua inauma kutupa chakula cha jirani mbele yake. Aelezwe kwa heshima, na abaki kwenye orodha ya watakaokula.

Ng'ombe amekufa mwenyewe kijijini, nyama inagawiwa bure. Tuitie kwenye supu?

Msiitie, hata ikionekana safi. Ugonjwa wa mifugo uitwao kimeta umewahi kutokea wilaya za Kween mwaka 2018 na Kyotera mwaka 2023, na njia yake kubwa ni hiyohiyo: mnyama amekufa ghafla, watu wakamchuna na kugawana. Vijimbegu vya kimeta vinastahimili joto la kupikia. Anayekata nyama anaweza kuugua hata kabla haijaingia motoni, kwa vidonda vyenye kovu jeusi mikononi. Msimpasue mnyama, mwiteni afisa mifugo. Aliyekwisha kumshika au kula nyama yake aende kituo cha afya leo, asingoje dalili. Dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi.

Supu imebaki nusu sufuria. Si tunaichemsha tu kesho asubuhi?

Hapa ndipo sufuria kubwa inapotofautiana na ndogo, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu. Kuna bakteria ambao wenyewe wanakufa supu inapochemka, lakini vijimbegu vyao vina ganda gumu na vinabaki hai. Sufuria ndogo inapoa haraka. Sufuria ya lita 20 iliyofunikwa inaweza kukaa vuguvugu usiku kucha, kama shuka ndani ya blanketi, na hilo ndilo joto vijimbegu vinalopenda. Vinaamka na kuongezeka kwa mamilioni. Saa 6 hadi 24 baada ya kula, tumbo linakata na kuharisha kunaanza, kwa watu wengi mara moja. Ndiyo maana kuugua kwa pamoja baada ya harusi au msiba si lazima kuwe kurogwa wala kutiliwa sumu.

Kutonusa vibaya si ushahidi. Supu inaweza kuwa na ladha nzuri kabisa na ikaumiza. Na kuchemsha tena kunaua bakteria, lakini baadhi yao huacha sumu ambazo moto hauziondoi.

Kwa hiyo, bila friji, pikeni kinachoisha siku hiyo. Kilichobaki kigawiwe kikiwa cha moto na kiliwe ndani ya saa mbili. Mkilazimika kukingojesha hadi jioni, kiacheni juu ya moto kikitokota muda wote. Mwenye friji asiingize sufuria nzima: agawe kwenye vyombo vya kina kifupi, vidole vinne hivi, aviweke ndani ya beseni la maji baridi akikoroga, kisha ndipo viingie.

Mwanangu ana miezi saba. Nimpe maji ya supu?

Maji ya supu yatamjaza tumbo dogo bila kumpa nguvu. Mchotee maharage, kiazi na majani, pondaponda hadi iwe laini lakini nzito kiasi cha kutotiririka kwenye kijiko. Vijiko viwili vitatu mwanzoni, ukipanda polepole hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa liendelee. Fungu lake litolewe kabla ya chumvi. Karanga nzima asipewe mtoto yeyote chini ya miaka mitano, anaweza kukabwa. Iliyosagwa laini inafaa.

Mzee wetu ana presha. Chumvi tuipime vipi?

Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Kwa watu 20 na mlo mmoja, vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa vinatosha sufuria nzima. Viungo vya pakiti ni chumvi pia, vihesabuni. Tumieni chumvi ya pakiti iliyotiwa madini joto. Ile ya mawe ya Ziwa Katwe ni tamu kwa wengi, lakini ikiwa ghafi haina nyongeza hiyo.

Tumekula, na usiku watu kadhaa wanahara. Tufanye nini?

Anzeni na maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, mara moja. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Ngoja dakika kumi umpe tena. Anyonyaye aendelee kunyonya.

Mwenye kuhara damu, homa kali, macho yaliyozama, asiyekojoa, au anayehara kama maji ya mchele apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Mtoto aliyelegea asingoje kukuche. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, ni wangapi wameugua na walikula nini saa ngapi, na msitupe mabaki kabla hajaulizwa kama yanahitajika. Yafunikeni, yawekeni mbali na watoto. Aliyehara asishike upawa wala kisu cha kikundi mpaka zipite siku mbili tangu apone, na sabuni iwe pale penye kibuyu chirizi, si ndani ya nyumba ya mtu.