Nani Kawaambia Okonkwo Ndiye Mila?

Wiki hii nimesahihisha rundo la insha za vijana wangu wa tuisheni hapa Moshi kuhusu Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe juu ya Okonkwo, mwanamume wa kijiji cha Waigbo huko Nigeria wakati wazungu wanaingia, na karibu zote zimeanza hivi: "Okonkwo anawakilisha mila, mzungu anawakilisha mabadiliko." Kisha mstari katikati ya karatasi, jadi kushoto, usasa kulia, utadhani Simba na Yanga. Nimechoka, jamani.

Jina la kitabu nalo limechangia. Riwaya yenyewe ilitoka 1958. Clement Ndulute alipoitafsiri, 1973, ikaitwa Shujaa Okonkwo. Simlaumu mfasiri, maana jina la Kiingereza limetolewa kwenye shairi la Yeats, mshairi wa Ireland, na kulihamisha ni kazi. Ila ukishaandika "shujaa" juu ya jalada, msomaji anafungua ukurasa wa kwanza akiwa keshampigia mtu kura.

Haya, huyo mlinzi wa mila tumwangalie. Katika Wiki ya Amani, kabla ya msimu wa kupanda, ambapo hata neno kali kwa jirani ni mwiko, anampiga mkewe Ojiugo. Mzee Ezeudu anamwonya asishiriki kumuua Ikemefuna, mvulana wa kijiji kingine aliyelelewa nyumbani kwake, kwa kuwa mtoto huyo anamwita baba. Yeye ndiye anayemmaliza kwa panga, asionekane mwoga. Mwishoni anajinyonga, na kwa mila hiyo hiyo ndugu zake hawaruhusiwi hata kumgusa, hadi waitwe wageni wamzike. Okonkwo analinda kitu kimoja: asifanane na baba yake Unoka, mvivu aliyekufa na madeni.

Sasa hapa naomba mtulie. Kwa kosa lile la Wiki ya Amani alitozwa mbuzi jike, kuku, kitambaa na simbi mia moja, zile kauri zilizokuwa fedha yao. Ezeudu anasimulia alichosikia kwa baba yake, ambaye naye alisimuliwa: zamani mkosaji aliburutwa kijijini mpaka akakata roho. Wakaiacha desturi hiyo, kwa sababu ilikuwa inaiharibu amani ile ile iliyowekwa kuilinda. Hiyo ni sura ya nne! Mmisionari hajaonekana hata kwa mbali. Wazee waliipima mila kwa kusudi lake wenyewe, wakaibadilisha. Halafu kuna Obierika, rafiki yake Okonkwo, anayecheka sheria ya kumkataza mtu mwenye cheo kupanda mchikichi mrefu huku akiruhusiwa kugema mfupi akiwa amesimama chini. Anasema ni kama yule mtu aliyekataa kuazima kisu chake kukatia nyama ya mbwa kwa kuwa mbwa ni mwiko kwake, kisha akajitolea kutumia meno. Huyu naye tumweke safu ipi?

Wamisionari wa riwaya, Bwana Brown na mchungaji Smith, nawaruka: mmoja mpole, mwingine moto.

Kwani hata hapa kwetu safu hizo zilikaa sawa? Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la Leipzig aliyekaa Old Moshi miaka mingi, ndiye aliyeshikilia kwamba ukoo, ujirani na rika vya Kichagga vibaki ndani ya kanisa, na wakati huo huo wapo Wachagga waliobatizwa waliokuwa wakidai shule. Mzungu anatetea mila, mwenyeji anataka usasa. Chora mstari wako hapo nikuone.

Lakini kuna mahali hoja yangu inachechemea, na sipendi kupita hapo. Kule Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, yupo Nneka. Kwa mila yao mapacha ni mwiko, hutupwa msituni. Mara nne alizaa mapacha, mara nne wakatupwa. Mimba ya tano ikamkimbizia kwa Wakristo. Obierika naye aliwahi kuwatupa mapacha wa mkewe, akajiuliza moyoni wana kosa gani, akaishia hapo hapo moyoni. Adhabu ya kuburutwa ilikuwa rahisi kuifuta, kwa sababu aliyeburutwa alikuwa mwanamume, na wanaume ndio waliokaa barazani. Mapacha waliwauma akina mama, na barazani mama hana kiti. Kwa hiyo nikisema jamii ile ilikuwa inajirekebisha yenyewe, nasema kweli, ila sijui nasema kweli ya nani.

Binti mmoja wa kidato cha tano aliniuliza, "Mwalimu, sasa Nneka angewasubiri hao wazee mpaka lini?"

Nikamwambia muda umekwisha, tutaendelea kesho. Kesho yake nilianza na Wiki ya Amani, naye hakushusha mkono.